Mbegu ya muhogo ya utafiti wa serikali: kodi tumelipa sisi, karatasi ya kutia sahihi ya nini?

#1 KachiriMamaNgina
Salaam wadau. Mie jioni utanipata ufukweni Mama Ngina, Mombasa, na karai langu, nauza kachiri, muhogo ulioparuzwa mwembamba ukakaangwa. Muhogo sinunui soko la Kongowea, nalima mwenyewe, shamba aliloacha mamangu huko nyuma ya Mtwapa, eka moja na kipande. Miaka yote ni muhogo wetu wa kienyeji, kibanda meno tu, mtamu kweli, lakini misimu hii miwili majani yamekuwa madoadoa na kujikunja, ukichimba ukikata ndani kuna kahawia kavu kama kizibo, gunia zima wachambua nusu ndiyo ya kuingia kwa mafuta. Nikaelekezwa kituo kimoja cha utafiti, jina sitaji, wakanipa miti ya muhogo mpya nipande mistari sita, wao watakuja kupima. Na karatasi kurasa nne za Kizungu, nikatia sahihi juu ya boneti ya gari lao, jua la saa saba.

Sasa umeota, umesimama, majani mabichi yang'aa. Shemeji yangu wa Matuga kauona, ataka miti akapande. Mie kwa ustaarabu nikampigia yule afisa, akaniambia usimpe mtu hata kijiti kimoja, hiyo ni mali ya taasisi ina haki zake. Ndiyo nauliza, kile kituo kinaendeshwa na kodi, na kodi nalipa mpaka kwa mafuta ya kukaangia, sasa mbegu iliyotoka kwa kodi yangu inakuwaje mali ya mtu mwingine? Na muhogo tangu lini ukawa na mwenyewe?

#2 MtuWaBara_Bamburi
Ulisaini kwanza ndio unakuja kuuliza 😂

#3 BintiLikoni
Mwacheni, nani asoma kurasa nne juu ya boneti. Sisi huku miti ya muhogo haiombwi ruhusa, jirani akichimba lake waenda waokota miti hata salamu hujamaliza. Kumnyima mtu mti wa muhogo ni kama kumnyima moto.

#4 BwanaShambaMstaafu
Nimefanya ugani miaka mingi Kilifi na Kwale, wacha niseme kidogo. Ulichoeleza hapo juu ni magonjwa mawili. Majani ni batobato, na kile kizibo cha kahawia ndani ni michirizi kahawia. Yote ni virusi, yote huenezwa na nzi weupe, NA MITI YA KUPANDIA. Hapo ndipo kwa kushika. @BintiLikoni hiyo desturi yako ya kuokota miti kwa jirani ndiyo iliyosambaza michirizi kahawia pwani nzima, maana mti waweza kuwa mgonjwa na juu waonekana mzima kabisa. Kwa hivyo afisa kukwambia usigawe, mimi naona si mambo ya mali, ni mambo ya usafi wa mbegu. Wanataka miti itoke sehemu iliyokaguliwa.

#5 BintiLikoni
Mzee heshima yako, lakini yeye alisema "mali ya taasisi". Hakusema ugonjwa.

#6 Wakili_Tononoka
Naona vitu vitatu vimepikwa sufuria moja. Kuna haki ya mgunduzi wa aina ya mmea, kuna kukaguliwa kwa mbegu, na kuna mkataba uliotia sahihi. Kila kimoja kina njia yake.

Kwanza hakuna hataza (patent) hapo, kabla mtu hajaileta. Sheria yetu ya mali ya viwandani ya 2001 imeziweka nje aina za mimea. Aina mpya inalindwa na sheria ya mbegu na aina za mimea, Cap 326, ya tangu 1972, na daftari wanalishika KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mimea. Kenya iliingia UPOV, umoja wa nchi zinazolinda aina mpya za mimea, mwaka 1999 kwa mkataba wa 1978, halafu 2016 tukapanda ule wa 1991 ambao unambana mkulima zaidi. Ili upewe haki, aina iwe mpya sokoni, itofautike na zilizoko, ifanane mche kwa mche, na isibadilike ukiipanda tena na tena. Ukipewa ni miaka 20, miti na mizabibu 25. Lakini hata huo mkataba wa 1991 umeacha mlango, mtu akitumia kwake binafsi bila biashara hashikwi.

Tatizo la ndugu yetu ni kuwa hata kama sheria imemwacha, ile karatasi haijamwacha. Mkataba unambana aliyeutia sahihi. Shemeji hakutia kitu.

#7 MtuWaBara_Bamburi
Kwa hivyo shemeji aje usiku 😂😂

Alafu si tuseme ukweli, tusipolinda vitu zetu wageni watachukua. Mjapani alipatent kiondo, mkanyamaza. Saa hii mnalia na muhogo.

#8 MwanaKikoi
@MtuWaBara hiyo ya Mjapani na kiondo nimeisikia tangu shule, kila mtu aisema na hakuna anayeonyesha karatasi. Ya kweli ni ya kikoi. Uingereza, 2006, kampuni moja iliomba kusajili neno Kikoy kuwa chapa yake ya biashara. Chapa, si hataza. Watu wakapinga, mwishowe ombi likaondolewa. Mie nauza vikoi Old Town ndiyo maana naijua, ile siku nililala vibaya.

#9 Saumu_wa_Kisauni
Kama ni ushahidi chukueni wa mwarobaini, huo uko kwenye rekodi. 1994 ofisi ya hataza ya Ulaya iliwapa hataza ya dawa ya ukungu ya mafuta ya mwarobaini. Waliopewa nani? Kampuni ya W. R. Grace PAMOJA NA WIZARA YA KILIMO YA MAREKANI. Yaani utafiti wa umma huohuo tunaouzungumza hapa. Wahindi na wenzao wakapinga, wakisema babu zetu wafanya hivi siku zote, hataza ikafutwa 2000, rufaa ikaisha 2005. Kama miaka kumi kutetea mti ambao bibi yangu anao nyuma ya choo. Kwa hivyo ukiniambia "ni taasisi ya umma, usiogope" mie ndiyo naogopa zaidi.

#10 KachiriMamaNgina
Saumu nakuelewa lakini mie sitaki kwenda Ulaya, mie nataka kumpa shemeji fungu moja la miti 😅

@BwanaShambaMstaafu kama ni ugonjwa basi wangeniambia ukitaka kumpa mtu tuite tukague. Neno "haki" limetokea wapi?

#11 Agroveti_Kaloleni
Mie nina duka la pembejeo. Mwaongea sheria mwasahau mmea wenyewe. Mahindi ya pwani, PH1 na PH4, Pwani Hybrid, utafiti wake wa hapahapa Mtwapa, wakati ule taasisi ya utafiti wa kilimo ikiitwa KARI, na mkulima huinunua dukani pakiti ya Kenya Seed. Kila msimu arudi. Kwa nini? Si kwa kuogopa polisi. Ni chotara, ukipanda punje ya mavuno yako mwaka wa pili shamba linakuwa fupi refu fupi refu kama meno ya mtoto. Mmea wenyewe unajilinda, hauhitaji wakili.

Muhogo hapana. Muhogo wakata mti vipande vya shubiri moja, wachomeka, na utakaoota ni uleule uleule wa mama yake. Mteja aninunulia mara moja maisha yake yote, na mwakani yeye ndiye mshindani wangu. Kampuni gani itaweka pesa hapo? Nimewahi kuleta miti ya muhogo dukani, siku ya nne imeanza kukauka, mbuzi wa jirani akamaliza iliyobaki. Kwa hivyo mie naona hizo haki za muhogo ni karatasi tu, hata waandike kwa dhahabu hakuna atakayekusanya hata shilingi.

#12 BwanaShambaMstaafu
@Agroveti hapo kwa mbuzi nimecheka, lakini ni kweli. Ndiyo maana mbegu ya muhogo siku zote yabaki mikononi mwa serikali na miradi ya wafadhili, mradi ukiisha na miti yaisha.

#13 MtuWaMaabara
Nimekuwa nasoma tu kimya, jina langu msitafute. Nilifanya kazi kwenye utafiti wa umma, si lazima hapo Mtwapa. Mwasema kodi, kodi, kodi. Sheria ya sayansi ya 2013 ilisema mfuko wa utafiti wa taifa upewe asilimia 2 ya pato la taifa. Muulize mtafiti yeyote kama ameiona. Mshahara utakuja, ndiyo, lakini dizeli ya kwenda shamba la majaribio, mbolea, vibarua wa kupalilia, hiyo yote ni mfadhili, na mfadhili naye ana masharti yake, na pengine ile chembe ya uzazi au ile mbegu ya kuchanganyia imetoka kwa taasisi nyingine ambayo ilikuja na karatasi yake, na karatasi ile inasema usimpe mtu wa tatu bila sisi kujua. Kwa hivyo afisa anapokwambia "mali ya taasisi" pengine hata si ya taasisi, anaogopa karatasi ya juu yake.

Mfano mtaupenda, wa papai. Hawaii virusi vya madoa ya pete vilikuwa vinaua mipapai, watafiti wa vyuo vya umma na wa chuo cha Cornell wakatengeneza papai linalostahimili, linaitwa Rainbow. Kisayansi lilikuwa tayari, lakini ndani yake mlikuwa na vipande vya teknolojia vya watu mbalimbali, kampuni ya Monsanto na chuo cha MIT wakiwemo, ikabidi kukaa na kila mmoja kuomba leseni ndipo 1998 wakulima wakapewa mbegu, na walipewa bure. Sasa fikiria wasingekuwa na mtu wa kukaa na kuomba. Papai lingekuwa limekaa kabatini hadi leo. Na kabati za taasisi zetu, ndugu zangu, zimejaa.

#14 Saumu_wa_Kisauni
Bure kwa papai. Na mchele wa dhahabu je, ule uliotiwa vitamini A maabara? Ule nao walisema bure kwa mkulima anayepata chini ya dola 10,000 kwa mwaka. KachiriMamaNgina akivuka hapo je?

#15 KachiriMamaNgina
Dola elfu kumi kwa kachiri za hamsini hamsini, Saumu unaniombea dua nzuri, amin.

#16 BabuMkomani
Wanangu mie sijui UPOV wala nini, lakini muhogo naujua. Kuna muhogo waitwa Kaleso. Huu Kaleso haukuzaliwa hapa. Miaka ya 1930 Waingereza walikuwa na kituo Amani, kule milima ya Usambara, Tanganyika, ambacho Wajerumani ndio waliokianzisha. Wakachukua muhogo wakauchanganya na mpira, ule mti wa mpira ambao majani yake watu wapika kisamvu, kisha wakaurudisha kwa muhogo, wakaurudisha tena, mpaka ukawa walika na wastahimili michirizi kahawia. Jina lake la kituoni ni namba tu, 46106/27. Ukavuka mpaka ukaja huku ukapewa jina la Kaleso, na kule kusini mwa Tanzania waitwa Namikonga, na juzi wenye mashine zao wamepima wakakuta ni ndugu mmoja. Nauliza, huyo Kaleso ni wa nani? Wa Muingereza, wa Mtanzania, wa mpira, au wa bibi aliyebeba miti kwenye kanga?

#17 BintiLikoni
Babu umemaliza 👏 bibi wa kanga ndiye taasisi.

#18 Wakili_Tononoka
Babu shukran. Kisheria Kaleso leo si wa mtu, upya wake sokoni uliisha kitambo. Na kuna mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea ya chakula, wa 2001, ulioanza kazi 2004, muhogo umo na nazi pia imo, kwamba mtafiti wa nchi yoyote mwanachama apewe sampuli kwa hati moja ya kawaida, na akiuza kitu ambacho amekifunga wengine wasikitumie kwa utafiti atoe kidogo kwenye mfuko. Hiyo "pengine si ya taasisi" ya @MtuWaMaabara yaweza kuwa hati hiyo. Kumbuka lakini hati hiyo ni ya utafiti, uzalishaji wa aina mpya na mafunzo, haikuandikwa kwa ajili ya shemeji wa Matuga.

#19 MtuWaMaabara
Kuna na sababu nyingine watu hawasemi. Taasisi ikisajili aina yake si lazima iwe yataka pesa, yaweza kusajili ili mjanja asiitangulie. Ukigawa ovyo kabla hujasajili upya wapotea, haki inakufa.

#20 Wakili_Tononoka
Hapo nakurekebisha kidogo. Upya unapotea kwa KUUZA, au kuitoa kwa njia nyingine ili itumike kibiashara, kwa idhini ya mwenye aina, zaidi ya mwaka mmoja nchini, au miaka minne nje, na kwa miti na mizabibu miaka sita. Kupewa mistari sita ya kujaribu hakuhesabiwi kuuza. Na jirani akiiba akauza, hiyo si idhini. Kwa hivyo hofu ya "ukigawa tumekwisha" imekuzwa. Ukweli ni kwamba ofisi nyingi za umma mtu wa mambo ya haki ni mmoja, ana meza moja, na akiulizwa lolote jibu salama ni hapana.

#21 MtuWaMaabara
Hiyo ya meza moja sipingi. Meza yenyewe ilikuwa na mguu mbovu.

#22 MicheYaNyali
Niongeze yangu. Mie nina kitalu cha miche. Kuna mche wa matunda, utafiti wa umma pia, nikaenda kuomba leseni ya kuzalisha, nikaambiwa leseni imeshapewa kampuni moja peke yake. Sawa. Nikaenda kwa hiyo kampuni ninunue, wakasema hatuna, labda mwakani. Mwakani nikarudi, labda mwakani. Huu mwaka wa tatu. Wateja waja na picha kwenye simu, "wataka huu", nawauzia mwingine. Sasa mtu aniambie, haki imelinda nini hapo? Mie sipingi mwenye jasho kulipwa, niko tayari kulipa kila mche shilingi zake, lakini leseni ya mtu mmoja bila kumwekea sharti kwamba usipozalisha twakunyang'anya, hiyo ni kufungia kuku kwenye kabati.

#23 MtuWaBara_Bamburi
Hiyo maneno ya kuku kwa kabati naiba 😂

Lakini wakili mbona hujasema ile kesi? Korti ilisema wakulima wako huru na mbegu. Novemba 2025. Si hapo imeisha?

#24 Wakili_Tononoka
Haijaisha hivyo. Ile kesi ilifunguliwa 2022 na wakulima wadogo kuhusu kubadilishana na kuuza mbegu za kienyeji, maana sheria ilitisha kwa faini hadi shilingi milioni moja au jela miaka miwili. Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Ni mkubwa, sipunguzi. Lakini muhogo wa ndugu yetu si wa kienyeji, ametoka nao kituoni, na kuna karatasi. Kibanda meno yako, gawa utakavyo.

#25 BwanaShambaMstaafu
Gawa utakavyo na ugonjwa wake 😒

#26 BintiLikoni
Hahaha mzee leo hataki mchezo.

#27 Agroveti_Kaloleni
Swali dogo nje ya mada, hiyo mipya ina ladha? Maana Tajirika na Karembo, aina za muhogo za utafiti, watu wangu walipanda, mazao wayasifu, lakini wakipika wa nazi bado wanamtafuta kibanda meno.

#28 KachiriMamaNgina
Mada hasa hiyo! Nimechimba shina moja kuonja, niliambiwa nisubiri lakini mkono ulinizidi. Kwa kuchemsha bado haujafika kwa kibanda meno, una maji. Lakini kwa kachiri wallahi ni mzuri, waparuza mwembamba unashikana, hauvunjiki, mafuta haunywi mengi, na rangi yatoka nyeupe mpaka pilipili yaonekana. Nilikaanga sahani moja, mke wangu na watoto wakaimaliza kabla sijatia ndimu.

#29 Saumu_wa_Kisauni
Umekula ushahidi.

#30 MwanaKikoi
Hiyo ndiyo wataalamu waita uhawilishaji wa teknolojia, kutoka karaini hadi tumboni 😂 neno refu hivyo lazima mtu alipwe posho kulitamka.

#31 KachiriMamaNgina
Nimerudi wadau, samahani kwa kimya, kulikuwa na wikendi ndefu biashara ilikuwa imechangamka. Niliichukua ile karatasi nikampa binti wa dadangu asomaye chuo, tukakaa nayo jana usiku. Yasema miti ni ya majaribio, nisiuze wala nisimpe mtu wa tatu bila idhini YA MAANDISHI. Kumbe idhini yaweza kutolewa. Afisa hakuniambia hilo. Na kuna mstari mwingine wasema matokeo ya shambani kwangu, vipimo na picha, ni ya taasisi. Hapo binti akanyamaza akanitazama. Yaani mie nimelima, nimepalilia, nimelinda na nguruwe, na habari za shamba langu nazo si zangu. @Wakili hiyo nayo iko sawa?

#32 Wakili_Tononoka
Ni kawaida kuandikwa. Kama ni sawa, hilo ni swali jingine. Andika barua ya kuomba idhini ya kumpa shemeji, taja idadi ya miti na mahali, na omba nakala ya vipimo vya shamba lako. Weka tarehe, wapigie muhuri wa kupokea.

#33 MtuWaMaabara
Ukiandika barua utajibiwa baada ya masika. Mpigie afisa, mwambie aje akague miti kabla hujaikata, na akija awe na fomu mfukoni. Ndivyo mambo hufanyika.

#34 BwanaShambaMstaafu
Na hata ukipata idhini, chagua miti ya shina ambalo halina doa hata moja, na usikate na panga lililokata kibanda meno, lioshe kwanza.

#35 KachiriMamaNgina
Wadau barua nimeiandika tayari, nilikuwa niende nayo leo. Asubuhi nimepita shamba kwanza, mstari wa pili mashina kumi na moja yamekatwa juu, safi, kwa panga kali, kila mti kwa urefu uleule. Mihogo yenyewe haikuguswa. Shemeji nimempigia aapa hajatoka Matuga, na hajui hata kukata wima.

#36 BintiLikoni
Msinitazame mimi, mimi niko Likoni, feri ilikuwa moja tu leo.

#37 BabuMkomani
Bibi wa kanga huyo.

#38 KachiriMamaNgina
Babu kama ni bibi basi ana gumboti, nyayo hizi hapa namba tisa. Wakili, ile barua niiongeze mashina kumi na moja au niandike nyingine?